Pojo na maji ya chumvi kwa gredi ya 8: mpango huu una kasoro wapi?

Mwl_Kisauni

Salaam aleikum walimu wenzangu na nyote mliomo humu.

Nataka kuwapangia gredi ya 8 jaribio la wiki moja. Darasa ni wanafunzi 45, maabara hatuna, na pesa zilizopo ni shilingi 1,000. Swali ni la nyumbani kabisa: maji ya chumvi yanaifanya nini mbegu ya pojo inayotaka kuota? Watoto wanakijua kisima cha chumvi, wanaijua bahari, na pojo hakuna asiyezila.

Mpango nilionao ni huu. Vikombe viwili vya plastiki vyenye pamba. Kimoja natia maji ya mfereji, cha pili maji ya bahari kutoka Nyali, hapa Mombasa. Kila kikombe pojo 10, ambazo zitakuwa zimelowekwa usiku kucha ili ziote upesi. Cha mfereji nakiweka dirishani, cha bahari kabatini kwa sababu dirisha lina nafasi ya kikombe kimoja tu. Kila asubuhi wanamwagilia kidogo, na Ijumaa tunahesabu zilizoota.

Je, hili linastahili kuitwa jaribio lenye kundi la kulinganishia? Chumvi nitaipima vipi bila mizani ya maabara? Na nataka wote 45 wapate kazi ya mkono, wasifanye kumi huku wengine wakitazama.

Fundi_Maabara

Aleikum salaam maalim. Swali lako ni zuri, mpango ndio una matundu.

Tundu kubwa kuliko yote: kati ya vikombe vyako hakuna tofauti moja, zipo nne. Maji tofauti, mwanga tofauti, joto tofauti, na "kidogo" cha kila asubuhi kinategemea mkono wa aliyemwagilia. Pojo za kabatini zisipoota, mtoto mwerevu atakwambia ni giza. Wewe unajua kwamba pojo huota hata gizani, lakini jaribio lako halijamwonyesha hilo, kwa hiyo hoja yake itasimama.

La pili, kuloweka usiku kucha kunaliua swali lenyewe. Vita vya chumvi na mbegu viko pale mbegu inapokunywa maji kwa mara ya kwanza. Ukishainywesha ikashiba maji yasiyo na chumvi, ndipo uipeleke kwenye chumvi, unapima jambo jingine kabisa. Pojo ziingie kavu.

La tatu, maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Hapo pojo haitoki, na matokeo yako yatakuwa "imeota" na "haikuota". Hakuna cha kuchora kwenye grafu. Isitoshe, bahari si maji na chumvi ya mezani tu: mna magnesi, salfeti, vijidudu, na ukichota kwenye mkono wa bahari baada ya masika utapata chumvi pungufu kuliko ya ufuoni. Tumia chumvi ya dukani, upate ngazi unazozijua.

Ninachopendekeza:

Ngazi 5 za chumvi: gramu 0, 2, 4, 8 na 16 kwa lita moja ya maji. Kila ngazi vikopo 3. Kila kikopo pojo 20. Hivyo vikopo 15 na pojo 300. Pojo 300 hazifiki hata gramu 25, kwa hiyo robo kilo inakutosha na akiba ya kutosha ya kuchambua. Wanafunzi 45 ukiwagawa watatu watatu unapata makundi 15, kila kundi na kikopo chake. Hesabu imekubali yenyewe.

Vikopo: vya plastiki vyenye kifuniko, kipenyo cha sentimita 9 au 10, vyote vya aina moja. Achana na pamba. Pamba inaficha mizizi, mizizi inajisokota ndani yake, na ukiivuta inakatika. Tandika tishu tabaka 4, zilizokatwa kwa ukubwa wa kikopo. Tia mililita 10 za maji ya ngazi husika kwa sirinji ya duka la dawa, bila sindano. Panga pojo 20 zisigusane, funika. Basi. Hakuna kumwagilia tena mpaka mwisho.

Hilo la kutomwagilia wengi hulikosa. Kikopo kilicho wazi kikikauka, kinachoondoka ni maji tu, chumvi inabaki. Kikopo cha gramu 4 kinaweza kuwa cha gramu 6 ifikapo kesho yake, na ukiongeza maji ya gramu 4 juu yake ndiyo umezidisha. Kifuniko ndicho kinachoshikilia ngazi zako. Kifungue mara moja kwa siku wakati wa kuhesabu, hewa itabadilika hapo hapo, kisha funika.

Kiasi cha maji nacho kina mtego wake. Yakizidi, mbegu zinazama, hewa haiwafikii watoto wa pojo, na zinaoza. Ajabu ni kwamba zitaoza zaidi kwenye kikopo cha gramu 0, kwa kuwa huko ndiko zilikoamka na kuhitaji hewa. Mtu anaishia kuandika kwamba chumvi inasaidia kuota! Kabla ya Jumatatu jaribu kikopo kimoja: tishu iwe imelowa kote, lakini mbegu isiwe imezama hata nusu yake. Tishu zako zikiwa nyembamba, shuka hadi mililita 8, mradi vikopo vyote 15 vipate hizo hizo 8.

Saa: anzeni Jumatatu saa nne asubuhi, hesabuni Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa nne ile ile. Hizo ni saa 24, 48 na 72. Ijumaa iwe ya grafu asubuhi, kwa maana mchana watu wanakwenda msikitini na kipindi kinakatika katikati.

Sonara_Mstaafu

Naongeza la mizani, ambalo Fundi ameliruka.

Huhitaji kupima ngazi nne. Pima mara moja tu, zilizobaki zipate kwa kugawa nusu. Chukua chupa ya nusu lita, tia gramu 8 za chumvi, jaza maji mpaka nusu lita itimie: hiyo ni gramu 16 kwa lita. Tikisa hadi usione punje. Mimina mililita 250 kwenye chupa ya pili, ongeza mililita 250 za maji matupu: gramu 8. Kutoka hiyo, 250 kwenye chupa ya tatu na maji 250: gramu 4. Tena: gramu 2. Chupa ya tano ni maji matupu. Kila chupa itabaki na angalau mililita 250, na wewe unahitaji 30 tu kwa vikopo vitatu.

Gramu 8 utazipata wapi? Mizani ya duka la vyakula haiaminiki kwa uzito mdogo hivyo. Ya sonara inaaminika, maana yeye anauza kwa sehemu ya gramu. Peleka chumvi kwenye karatasi kwa sonara yeyote wa mtaani, muombe akupimie gramu 8. Ni kazi ya dakika moja.

Kama sonara hayuko karibu, tumia uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Pakiti mpya ya gramu 500, yote, ndani ya dumu, na maji lita 5 yaliyopimwa kwa chupa kumi mpya za nusu lita. Hapo una takriban gramu 100 kwa lita. Kwa hesabu kali ni kama 97, kwa sababu chumvi nayo inachukua nafasi ndani ya maji, lakini kosa la asilimia 3 linapita sawasawa kwenye ngazi zote na halimdhulumu mtu. Chota mililita 80 za maji hayo, ongeza maji 420, umepata nusu lita ya gramu 16. Yanayobaki dumuni yahifadhi, mwaka ujao yatakuwepo.

Pakiti iwe imefunguliwa siku hiyo hiyo. Hewa ya Mombasa ina unyevu, chumvi iliyokaa wazi inavuta maji na kugandamana, na gramu 8 za madonge hayo si gramu 8 za chumvi. Kijiko sikipendekezi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua kama gramu 6 za chumvi laini, lakini chumvi ya mawe inajipanga vingine, na vijiko vya nyumbani havilingani.

Mkitia kwenye vikopo, anzeni na maji matupu, kisha 2, 4, 8, mwisho 16. Hapo sirinji moja inatosha, maana tone lililobaki ndani yake linatoka kwenye ngazi hafifu kwenda kali na haliharibu kitu. Ukianza na 16, tone lake litaingia kwenye kikopo cha sifuri.

Kikopo_Ni_Kimoja

Fundi amesema vikopo 3 kwa ngazi lakini hajasema kwa nini, na hapa ndipo hata miradi inayofika maonyesho ya sayansi ya kaunti inapokwama.

Mtu huuliza: kwa nini nisitie pojo 60 kwenye kikopo kimoja kikubwa, si idadi ni ile ile? Si ile ile. Pojo 60 za kikopo kimoja zinaishi hatima moja. Kikishikwa na ukungu, zote zinashikwa. Kikikaa kwenye kona yenye joto, zote zinapata joto. Kifuniko kikilegea, zote zinakauka. Chumvi uliitia kwenye kikopo, hukuitia kwa kila mbegu peke yake, kwa hiyo unachohesabu ni vikopo. Kikopo kimoja ni jibu moja, hata kiwe na pojo elfu.

Ukiwa na vikopo vitatu unaona kitu cha pili ambacho wastani peke yake haukionyeshi: vikopo vya ngazi moja vinatofautiana vyenyewe kwa vyenyewe kiasi gani. Nitatoa mfano wa kuonyesha hesabu tu, si matokeo ya mtu. Ngazi ya 0 imetoa 20, 17 na 20 zilizoota, wastani 19. Ngazi ya 2 imetoa 18, 19 na 17, wastani 18. Mwanafunzi ataandika "chumvi imepunguza kuota". Mzuie. Vikopo vya 0 vinaanzia 17 mpaka 20, vya 2 vinaanzia 17 mpaka 19, vimepandana. Anachoweza kusema ni kwamba kwa vikopo hivi tofauti haijaonekana kati ya 0 na 2. Hilo nalo ni tokeo, aliandike bila haya.

Sasa mambo mawili yanayohusu hayo makundi 15.

Kwanza, kikopo kipi kikae wapi mezani? Usipange 0 zote kushoto na 16 zote kulia, maana kushoto kukiwa karibu na mlango umechanganya chumvi na upepo. Andika vikopo herufi A hadi O, kata vikaratasi 15, piga kura ya nafasi. Daftari la kuonyesha A ni ngazi gani libaki kwako. Hapo unapata faida nyingine bila gharama: anayepima mzizi hajui anapima chumvi ipi. Mtoto akijua kikopo ni cha gramu 16, jicho lake litaufupisha mzizi bila yeye kukusudia. Watu wazima pia.

Pili, kundi likipima kikopo chake tu, tofauti ya makundi imeingia ndani ya tofauti ya chumvi. Kuna kundi linalosoma rula vizuri na kundi linaloanzia kwenye ukingo wa rula badala ya kwenye sifuri yake. Alhamisi badilishaneni: kila kikopo kipimwe na makundi mawili, kila moja kwenye karatasi yake bila kuonana. Yakitofautiana zaidi ya milimita 2 kwenye wastani, wapime tena pamoja.

Mwl_Kisauni

Ahsanteni sana, nimeandika upya karibu kila kitu. Yamebaki haya:

"Imeota" ni nini hasa? Naona tutagombana Jumanne. Pojo isiyoota kabisa inaingia kwenye wastani wa mizizi kama sifuri au inaachwa? Maji ya ngazi ya 0 niyatoe wapi, mfereji wetu wakati mwingine una ladha? Na pojo nikinunua dukani nitajuaje kama ni nzima?

Shamba_Likoni

Nikujibu la pojo na la maji, mengine nawaachia wenyewe.

Pojo ya dukani huota vizuri mara nyingi, ila haikuuzwa ili ipandwe, kwa hiyo ijaribu kwanza. Wiki moja kabla, tandika 50 kwenye tishu iliyolowa maji matupu. Baada ya saa 48 zikitoka 45 au zaidi, nunua robo kilo kwenye gunia lile lile. Zikipungua hapo, badilisha duka. Usichanganye maduka mawili. Usinunue mbegu zilizotiwa rangi ya waridi, buluu au kijani kwenye duka la pembejeo: hiyo ni dawa, na watoto watazishika kwa mikono mitupu.

Kuchambua ni kazi ya watoto siku ya kwanza. Watoe zilizotobolewa na wadudu, zilizopasuka ganda, zilizosinyaa na zile ndogo mno. Utakuta pia kila kikopo kina moja mbili ambazo hata saa 72 zikipita ziko kama changarawe, hazijavimba. Hizo zina ganda gumu lisilopitisha maji, hazikufa wala chumvi haikuzigusa. Ziandike safu yake: "hazikuvimba". Kwenye 16 mtazikuta pamoja na zile zilizovimba zikashindwa kutoa mzizi, na tofauti ya hizo mbili ina maana.

Ukungu ni adui wa pwani. Ukiona nywele nyeupe zinazotambaa kutoka mbegu hadi mbegu, huo ni ukungu. Nywele fupi zinazozunguka mzizi mmoja karibu na ncha ni vinyweleo vya mzizi, msiyakimbie. Ili kupunguza ukungu, mwalimu mwenyewe achanganye jiki sehemu 1 na maji sehemu 9, atie pojo zote 300 pamoja kwa dakika 5, kisha asuuze mara tatu kwa maji safi na kuzikausha upesi kwenye kitambaa. Jiki isikutane na siki wala dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi mbaya. Na zote zioshwe, au zisioshwe hata moja.

Maji ya 0: usichukue ya kisima. Pwani yetu hii ni mwamba wa matumbawe, maji ya bahari yanapenya, na visima vingi vina chumvi tayari. "Sifuri" yako itakuwa 2 au 3 bila wewe kujua, na ngazi zote zitapanda nayo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa, ya chupa ya kunywa yanafaa, na maji yaliyokenekwa (distilled water) ya kuongezea betri yanafaa zaidi. Hayo ya betri soma chupa mara mbili, pembeni yake mara nyingi huuzwa asidi. Chochote utakachochagua, ngazi zote tano zitoke kwenye maji hayo hayo.

Meza: mbali na dirisha, mbali na ukuta unaopigwa jua la alasiri. Bati juu na kifuniko cha plastiki chini, kikopo kilicho juani kinakuwa jiko. Miguu ya meza itie kwenye mikebe yenye maji, sisimizi wakipata pojo laini hawabakishi. Na msithubutu kuviweka nje barazani, kunguru wa Mombasa wanafungua vifuniko kuliko gredi ya 8.

Fundi_Maabara

Maalim, fasili ya kuota iamuliwe kabla ya Jumatatu na iandikwe ubaoni: pojo imeota mzizi unapotokeza milimita 2 au zaidi nje ya ganda. Pojo nyingi hupasua ganda na kuonyesha weupe bila mzizi kutoka. Kundi moja likihesabu weupe na jingine likihesabu mzizi, matokeo ya Jumanne hayatakuwa na maana yoyote. Milimita 2 ni nafasi mbili ndogo za rula, hakuna ubishi.

Mzizi unapimwa kuanzia mpaka wake na shina hadi ncha. Alhamisi baadhi ya mashina yatakuwa yameanza kunyooka, na watoto hupenda kupima kitu kizima kutoka ncha hadi kichwa. Wachoree pojo moja ubaoni, weka alama mpaka wa mzizi na shina: shina ni nene na linang'aa, mzizi ni mwembamba na mweupe usiong'aa. Mzizi uliojikunja laza uzi juu yake, kata, pima uzi. Wasiuvute. Ikiwa 20 ni nyingi kwa kipindi kimoja, wapime 10, lakini zichaguliwe kwa mpangilio: kila ya pili kuanzia ukingoni. Ukimwachia mtoto achague, atachagua zilizonyooka na ndefu.

Kuhusu sifuri umeuliza swali ambalo wengi hulipita. Ukiziacha zisizoota, ngazi ya 16 inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo, kwa sababu unapima zile mbili tatu zenye nguvu zilizofanikiwa kutoka. Ukizitia zote kama sifuri, unachanganya maswali mawili: ziliota ngapi, na zilizoota zilikua kiasi gani. Mimi ningeweka safu mbili kwenye jedwali: idadi iliyoota kati ya 20, na wastani wa mzizi wa zilizoota tu. Kikopo ambacho hakuna iliyoota, kwenye safu ya pili piga mstari, usiandike 0.

Nadharia tete, yaani makisio yatakayojaribiwa, waiandike wenyewe Jumatatu kabla pojo hazijaingia kikoponi, yenye kiasi, mwelekeo na sababu. "Chumvi ni mbaya kwa mimea" hairuhusiwi. Kama hivi inatosha: "Chumvi ikiongezeka kutoka gramu 0 hadi 16 kwa lita, mzizi wa pojo baada ya saa 72 utakuwa mfupi zaidi, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi ni vigumu kuingia ndani ya mbegu."

Mategemeo yangu, ili usishtuke: idadi ya zilizoota kwenye 2 na 4 huenda isitofautiane na 0 ifikapo saa 48. Mizizi ndiyo inayosema mapema. Ile ya 8 itakuwa mifupi waziwazi, na kwenye 16 nyingi zitachelewa sana au zisitoke. Kwa hiyo ukihesabu zilizoota Ijumaa peke yake, kama ulivyopanga mwanzo, ungekosa sehemu kubwa ya habari.

Na grafu: 0, 2, 4, 8, 16 zikae kwenye mhimili kwa umbali wake wa kweli. Kutoka 8 hadi 16 ni mara nne ya kutoka 2 hadi 4. Wanafunzi huzipanga kwa nafasi sawa na mstari unabadilika sura kabisa. Wachore nukta zote 15, ndipo wapitishe wastani.

Kikopo_Ni_Kimoja

Hapo kwenye "kwa sababu" nina neno. Jaribio hili linaonyesha kwamba chumvi inafupisha mzizi. Halionyeshi kwamba ni kwa kunyima maji. Inawezekana chumvi yenyewe ni sumu kwa seli za mbegu. Zote mbili zingetoa grafu ile ile.

Fundi_Maabara

Kweli, na kuna njia rahisi ya kulichokonoa bila kununua kitu. Alhamisi baada ya kupima, chukua pojo za 16 zilizovimba bila kuota, zisuuze, zihamishe kwenye tishu mpya yenye maji matupu. Zikiota kufikia Jumamosi au Jumapili, basi nyingi zilikuwa zinasubiri maji tu. Zikioza, chumvi imeziumiza. Mara nyingi utapata mchanganyiko, na hapo ndipo mjadala wa darasa unanoga. Ila mtu aje Jumamosi.

Njia ya pili ni sukari. Sukari nayo inashikilia maji lakini haina sodiamu wala kloridi. Ili ivute maji sawa na gramu 8 za chumvi unahitaji karibu gramu 90 za sukari kwa lita. Tofauti ni kubwa hivyo kwa sababu molekuli moja ya sukari ni nzito karibu mara sita ya chumvi, na chumvi ikiyeyuka inagawanyika mara mbili wakati sukari inabaki nzima.

Shamba_Likoni

Sukari gramu 90 kwenye joto la Mombasa, siku tatu, ndani ya kifuniko? Hiyo utavuna ukungu na sisimizi wa mtaa mzima. Kwa gredi ya 8 bakini na kuhamisha pojo. Sukari waachieni wa sekondari wenye friji na subira.

Kinachofaa zaidi wiki ya pili ni visima. Grafu yenu ikishapatikana, kila kundi lilete nusu chupa ya maji ya kisima cha kwao, wafanye vile vile: vikopo 3, pojo 20, mililita 10, saa 72, na ngazi ya 0 irudiwe upya siku hiyo hiyo kwa kuwa hali ya hewa itakuwa imebadilika. Wakiona mzizi wa kisima umelingana na wa gramu 4, wanasema "maji haya yamefanya kama gramu 4". Wasiseme "yana gramu 4", kwa sababu kisima kilicho karibu na choo cha shimo kina mengine zaidi ya chumvi. Na mtoto asionje, hata kama nyumbani wanayachotea.

Mwl_Kisauni

Nimewaelewa. Huu ndio ubao wa Jumatatu:

Tunachobadilisha: chumvi, gramu 0, 2, 4, 8, 16 kwa lita. Tunachopima: idadi iliyoota kwa saa 24, 48 na 72, na mzizi kwa milimita saa 72. Tunachoshikilia: gunia moja la pojo, maji ya chupa, mililita 10, tishu tabaka 4, vikopo vya aina moja, meza moja, saa nne asubuhi. Kundi la kulinganishia: vikopo 3 vya gramu 0. Herufi A hadi O, nafasi kwa kura, daftari la ngazi liko kwangu.

Kapteni wa kila kundi atatia maji kikopo chake mwenyewe, ili kila mtu awe ameshika sirinji.

Sonara_Mstaafu

Hilo la mwisho libadilishe. Makapteni 15 na sirinji moja, hautaweza kulinda mpangilio wa kuanzia 0 kwenda 16, na wakijua wanachota chupa gani siri ya herufi imekwisha. Pojo wapange wao, tishu na maji tia wewe kabla hawajaingia darasani, au mpe mwalimu mwenzako asiyefundisha darasa hilo. Wakitaka kushika sirinji, Jumatano wape maji matupu na kikopo kitupu wapime mililita 10 mara tano kila mmoja, waone zinavyotofautiana. Mapovu ndani ya sirinji ndiyo huwakosesha wengi: ielekeze juu, igonge kwa kidole, sukuma povu litoke, ndipo usome mstari.

Mwl_Kisauni

Nimekubali, nitatia mwenyewe saa tatu na nusu. Pojo za majaribio nimeshazitandika 50 leo usiku.